Mwanangu, bado hatujaipata

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi huku mzima, hofu kwako na kwa bibi yako.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, hiyo chembe yenye chaji ndogo ya umeme mmeshaipata?" Nikasema bado, ukanyamaza. Kimya chako kimenikaa moyoni, ndiyo maana naandika.

Mwalimu wako akisema hakuna chaji ndogo kuliko ya elektroni, hajakosea. Tangu mwanafizikia Millikan apime chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta, hajaonekana mwenye chaji ndogo kuliko hiyo akitembea peke yake. Kwaki, vijichembe vilivyomo ndani ya protoni, zina theluthi moja au mbili za chaji hiyo, lakini hazitoki nje ya nyumba yao. Hata hivyo hesabu haikatazi chembe yenye sehemu moja tu ya elfu ya chaji ya elektroni. Jaribio letu tumeliita milliQan, utani wa jina la mzee huyo.

Hapa CERN, maabara ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni hukimbizwa kwenye duara la kilomita 27. Sisi tumo upande wa Ufaransa, ndani ya handaki la kupitishia maji, mita 33 kutoka zinapogongana. Katikati yetu kuna mita 17 za mwamba, na mwamba huo ndio chekeche letu: takataka nyingi hukwama humo, lakini chembe yenye chaji kiduchu hupenya kana kwamba hakuna kitu.

Tabu ni kuiona. Tuna fito za plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita. Chaji ikipungua nusu, mwanga hubaki robo. Ikiwa sehemu ya elfu, mwanga hupungua mara milioni! Pengine fotoni moja tu, yaani chembe moja ya mwanga. Na vifaa vya kunasa mwanga huo vina tabia ya kupiga kelele vyenyewe gizani, bila kupitiwa na kitu. Kwa hiyo tumepanga safu nne za fito zinazoelekea kwenye mgongano. Hatuamini mpaka zote nne ziitike karibu wakati mmoja. Kila ufito umefungwa utepe mweusi. Tundu la sindano tu, mwanga wa taa unaingia na kazi yote bure.

Mwaka 2018 kifaa kidogo cha majaribio hakikuona kitu. Lakini kutokana na hilo tulifuta kwenye ramani chaji kadhaa, hadi 0.006 ya chaji ya elektroni kwa chembe nyepesi. Huko hatutafuti tena.

Jumapili nitapiga. Uniulize tena vilevile, halafu mpe bibi simu, anieleze kwa nini hanywi dawa zake.

Mama yako