Mizigo ya pikipiki ipimwe kwa kilo, si kwa lita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu wanaosafiri masafa marefu kwa pikipiki kuhusu kazi ambayo wengi wetu huifanya harakaharaka asubuhi ya safari, nayo ni kupanga mizigo katika masanduku. Masanduku haya huuzwa kwa kutajwa ujazo wake, lita 35 au lita 45, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba nafasi yoyote iliyobaki wazi ni ya kujazwa. Kumbe kinachoamua kama pikipiki itatulia barabarani ni uzito na mahali ulipowekwa.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Katika safari moja niliweka spana, pampu, kufuli la mnyororo na tyubu ya akiba katika sanduku la nyuma, lile linalokaa juu ya keria, kwa kuwa ndilo rahisi kufunguliwa. Kwenye mwendo mdogo sikuona tatizo lolote. Nilipofika kwenye mteremko mrefu, nikiwa nakaribia kilomita 100 kwa saa, usukani ulianza kucheza mikononi mwangu, na kila nilipoukaza ndivyo ulivyozidi. Nilipunguza mafuta taratibu, nikaacha mwendo ufe wenyewe, nikasimama kando. Vyuma vile, ambavyo havikufika hata kilo 8, nilivihamishia chini kabisa katika masanduku mawili ya ubavuni, upande wa mbele karibu na kiti, na nguo zikapanda nyuma. Usukani haukucheza tena hadi mwisho wa safari, ingawa mzigo ulikuwa uleule.

Sanduku la nyuma hukaa juu, tena nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo kila kilo iliyomo humo hulikandamiza gurudumu hilo na kulipunguzia la mbele uzito linaouhitaji ili lishike barabara. Ndiyo maana masanduku mengi ya aina hiyo hupewa kikomo cha kilo 5 hadi 10 tu, hata yale yenye nafasi ya helmeti mbili. Kikomo hicho huandikwa kwenye lebo ndogo ndani ya kifuniko au katika kitabu cha maelekezo, mahali ambapo wachache wetu hutazama. Masanduku ya ubavuni nayo yalingane uzito. Lile la upande wa eksozi mara nyingi ni dogo kuliko mwenzake, hivyo kuyajaza yote mawili pomoni hakumaanishi kwamba yamelingana. Mizani ndogo ya kuning'iniza inatosha kuondoa shaka.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni mahali pa sanduku la huduma ya kwanza. Wengi huliweka ubavuni, chini ya nguo. Pikipiki ikianguka upande huo, sanduku linalaliwa na chuma chenye uzito wa zaidi ya kilo 200, na halifunguki mpaka pikipiki iinuliwe, kazi ambayo majeruhi haiwezi. Dawa na bandeji zikae juu, katika sanduku la nyuma au mkoba wa tanki, na msafiri mwenzako aonyeshwe zilipo kabla hamjaondoka. Koti la mvua nalo liwe juu ya kila kitu, kwa sababu mvua haisubiri mtu afukue.

Wenye masanduku ya alumini wasiache nguo ziguse ukuta wa sanduku, kwani mtikisiko wa safari husugua madini na kuacha vumbi la kijivu lisilotoka kwa urahisi. Nilipoteza shati jeupe kwa namna hiyo. Mfuko wa kitambaa wa ndani huzuia hilo, na jioni unaunyanyua mzima mzima bila kung'oa sanduku.

Kwa mzigo unaofungwa nje, ningependa tuachane na mipira yenye ndoano, maana ndoano ikichomoka mpira huweza kujisokota kwenye gurudumu au cheni. Mikanda yenye bizimu ni salama zaidi, ila ikaguliwe baada ya kilomita chache za mwanzo, mzigo unapokuwa umeshuka na mikanda imelegea. Upepo wa matairi na ugumu wa shokapu virekebishwe kulingana na kitabu cha pikipiki, na taa ya mbele ishushwe kidogo, kwa kuwa nyuma ikilemewa mwanga hupanda na kuwapiga machoni wanaokuja.

Kwa wauzaji nina ombi moja: bandikeni kikomo cha kilo mbele ya sanduku, kwa herufi kubwa kama zile mnazoandikia lita, na mteja aambiwe kabla hajalipa.

Wako,
Msafiri wa pikipiki