Safari ya Kiel Jumamosi: tutavuka mfereji kwa feri

Hamjambo wote. Ile safari ya Kiel ni Jumamosi hii. Tukutane kituo kikuu cha treni hapa Hamburg saa mbili na nusu asubuhi, na tafadhali msichelewe, maana tiketi ya kundi ni moja.

Wengi mmeniuliza nauli ya feri ni kiasi gani. Hakuna nauli. Mfereji wa Kiel ulipofunguliwa mwaka 1895, ulikuwa umekata njia za watu katikati, kijiji huku, shamba kule. Serikali ikabeba jukumu la kuwavusha bure, na hadi leo feri zote za mfereji ule hazitozi hata senti. Yetu ni ndogo, Adler 1, ya waendao kwa miguu na baiskeli tu, kutoka Wik hadi Holtenau. Kuvuka ni dakika chache.

Sisi tuliokulia Likoni tunajua maana ya kuvuka bure. Mama zetu walivuka na vikapu vya samaki bila kuulizwa shilingi. Ndiyo maana nimeichagua safari hii.

Mkifika, msikimbilie kushuka. Feri husubiri meli za mizigo zipite kwanza, na zinapita karibu mno: mara ya mwisho niliona nguo za mabaharia zimeanikwa kwenye kamba.

Vaeni makoti, upepo wa pale ni mkali. Mama Zuhura, zile mandazi usizisahau. Anayekuja aandike jina lake hapa kabla ya Alhamisi jioni.