Barua kwa Besi

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili jioni, Julai

Ndugu yangu Besi,

Ugonile. Mimi mzima, nyumbani wazima, na baridi ni hii hii unayoijua, maji ya bombani asubuhi yanauma meno. Najua huko Njombe mnatucheka, ninyi baridi mnaifuga. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ukiandikiwa maneno mia unajibu "poa", na safari hii poa yako siitaki.

Bendi imesimama. Usishangilie wala usisikitike kabla hujajua ni kusimama kupi: imesimama kama nyumba, siyo kama basi. Tuko wanne. Mimi na gitaa la solo, yule kijana wa kwaya kwenye dramu, dogo mmoja wa chuo kwenye kinanda, na dada anayeimba ambaye humjui, lakini akifungua mdomo utadhani ana ugomvi na paa.

Mazoezi tunafanyia nyuma ya gereji ya kuchomelea, pale karibu na ulipokuwa ukinunua maparachichi ya kuuza kabla hujaamua kuyafuata kwao. Tulipachagua kwa hesabu moja tu, kwamba jirani aliyezoea grainda tangu asubuhi hawezi kuja kulalamikia gitaa jioni. Tulikosea hesabu. Alikuja. Akasema grainda ina kazi, ninyi je?

Kijana wa dramu naye ana kesi yake. Kajifunzia kanisani, kama sisi sote (wewe mwenyewe besi uliishika mara ya kwanza kwenye kwaya ya vijana, usijifanye umesahau). Wazee wakamwita, wakamwambia achague. Akawauliza kama anaweza kuchagua kimoja Jumamosi na kingine Jumapili. Mpaka leo wanakaa vikao.

Amplifaya yangu ni ile ile ya spika moja. Wakati wa masika maji yaliingia stoo, panya wakamalizia, koni, ile karatasi ya spika inayotetema, ikachanika. Nikipiga inakwaruza kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Basi nikachukua gundi nyeupe na karatasi ya daftari, nikaweka viraka vitatu, nikaacha vikauke siku mbili. Jumamosi nikachomeka waya, nikapiga. Safi, kama kengele. Wote wakaninyamazia. Dada akasema, "Sasa umeturudisha kwenye harusi." Ndipo dogo wa kinanda akanieleza kwamba mwaka 1964 huko London, Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, alichana koni ya spika yake kwa wembe, kwa makusudi, autafute huo huo mkwaruzo mimi ninaouziba. Nikamtuma akanunue wembe. Nikakata mara mbili, kutoka pembeni kwenda katikati, bila kufika kwenye kile kifuniko cha kati. Sauti ikarudi mbaya kuliko mwanzo, yaani nzuri kuliko mwanzo.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka mjomba wangu wa reli, yule aliyekuwa akitufukuza kwenye mapera? Jumamosi ile ile alipita kunidai pampu ya baiskeli. Akasimama mlangoni, mikono mfukoni, tukamaliza wimbo mzima hajasema kitu. Kisha akasema, "Hii niliisikia Kitwe."

Tukamkalisha juu ya sanduku la spana na hatukumwachia mpaka usiku. Mjomba aliingia TAZARA kijana mdogo, enzi reli bado inanukia rangi. Unajua ilikabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Treni ikiishia Kapiri, yeye alikuwa akipanda basi kwenda Kitwe kwa ndugu waliokuwa migodini. Na kule kwenye miji ya shaba ndiko alikokuta vijana wa Kizambia wamevaa suruali za bwaga, magitaa yamejaa mkwaruzo na ule mlio wa kulialia unaotoka kwenye pedali ya mguu, wanapiga rock. Siyo rock ya kuigiza tu. Yao. Siku hizi dunia nzima inaiita Zamrock.

Bendi aliyoipenda inaitwa WITCH. Mama aliposikia jina hilo aliacha kuchambua mchele. Nikamweleza kuwa ni herufi tu, zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuzua vurumai". Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nimeisikiliza wiki nzima kwenye simu, na nimesoma kila nilichopata. Walianza Kitwe mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, lakini hakuna aliyemwita hivyo, walimwita Jagari, kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, jina la Kiingereza likavishwa irabu za kwetu likakaa. Hapo ujue walianza kama tulivyoanza sisi, kwa kupiga kopi za Wazungu. Kwenye gitaa la solo Chris Mbewe, gitaa la pili John Muma, dramu Boidi Sinkala, na besi, nisikilize hapa, Gedeon Mwamulenga, aliyejulikana kama Giddy King. Litamke hilo Mwamulenga hapa sokoni uone, mtu atakuuliza ni wa kijiji gani kule Tukuyu. Na akina Sinkala hata Tunduma huwakosi. Miaka yote tumekuwa tukidhani rock iko mbali, kumbe ilikuwa mwisho wa reli.

Mwaka 1972 wakatoa santuri ndefu (LP) yao ya kwanza, Introduction, na mwaka 1974 ya pili, In the Past, zote mbili walizitoa wenyewe, bila kampuni nyuma yao. Isikilize ile ya kwanza kwa sikio la fundi. Gitaa linatangulia, dramu inalikimbilia, sauti ya mwimbaji iko kama anaimbia chumba cha pili. Makosa yamejaa mle. Nami siku tatu za mwanzo nilikuwa nahesabu makosa yao kama mjinga, siku ya nne nikajikuta naimba.

Mjomba anasema sababu mojawapo ya rock kuota kule ni Kaunda, rais wa Zambia enzi hizo. Mzee yule alikuwa mpiga gitaa mwenyewe, na aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Sasa redio inataka nyimbo za nyumbani, na vijana kichwani mwao wamejaza rock ya kina Hendrix na Deep Purple, ungetegemea nini? Shaba nayo ilikuwa inalipa, kijana wa mgodini ana hela ya kiingilio. Onyesho la WITCH halikuwa la nyimbo tano kama letu. Walikuwa wanaingia jioni na kutoka usiku mkubwa.

Halafu vikaja vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, ikawa inashambuliwa, miji ikawa inazimwa taa usiku, watu hawatembei. Bendi zikahamia mchana. Mjomba akatumia neno la kwao, akaita bugi, akasimama pale gerejini akatuonyesha linavyochezwa, jua la saa tisa, jasho, akina dada na miwani mikubwa. Goti likagoma katikati, akakaa.

Tukamuuliza kama hakununua santuri. Alinunua, Lazy Bones!!, ya mwaka 1975. Iko wapi? Mke wake aliifunikia sufuria ya maziwa, ikapinda kama sahani ya plastiki iliyokaa karibu na jiko. Dogo alishika kichwa kwa mikono miwili. Shangazi akasema maziwa hayakuwahi kuingia nzi.

Mwisho wao si mzuri sana, nitaupitia upesi. Shaba ikaanguka bei, fedha ikapotea mitaani, na baadaye ukimwi ukapita katikati ya bendi zile kama mundu. Katika wale wa mwanzo wa WITCH, aliyebaki ni Jagari peke yake. Aliacha muziki, akafundisha, akachimba vito. Wazungu wakaja kufukua zile santuri, wakamfukua na yeye, na mwaka 2023 ametoa albamu mpya, Zango, ametembea nayo Ulaya na Marekani. Mzee wa miaka sabini na kitu, anaruka jukwaani. Na kabla hujaniambia hayo ni mambo ya Wazambia, tafuta Sunburst, bendi ya Dar. Albamu yao Ave Africa waliirekodia huko huko Zambia mwaka 1976, na mle kuna Kiswahili juu ya magitaa mabaya kama yangu.

Basi baada ya mjomba kuondoka (pampu aliisahau) tukakubaliana kitu kimoja: kopi basi. Tukaandika wimbo wetu. Unahusu lumbesa. Usicheke. Viazi vya Uporoto vinavyoshindiliwa kwenye gunia mpaka gunia linaota kichwa, mkulima analipwa gunia moja anapakia moja na nusu. Dada ameimba kama anayekosana na dalali, na kiitikio ni namba tu, kilo mia, kilo mia na ishirini, kilo mia na arobaini, gitaa linapanda na kila namba.

Tuliupiga mara ya kwanza wiki iliyopita, baa moja upande wa Uyole. Mwenye baa alituahidi laki moja. Watu walikuwa kama thelathini, wengi wapakiaji wa malori, na nyimbo mbili za kwanza walituangalia kama tunaosoma notisi ya mahakama. Mmoja akaomba sebene. Tukaingia lumbesa. Kwenye kilo mia na ishirini nikaona mpakiaji mmoja mwenye gambuti ameweka chupa chini. Kwenye mia na arobaini akapaza sauti, "Ongeza gunia!" na meza nzima ikaitikia. Sijawahi kusikia kitu kama kile kwenye harusi zote tulizopiga mimi na wewe.

Umeme ukakatika hapo hapo. Jenereta ya baa ilikuwa ya friji na televisheni tu, tukaelezwa hivyo kwa heshima. Kijana wa dramu hakuacha, dada naye hakuacha, wakaumaliza gizani na wapakiaji wakihesabu kilo. Malipo yakawa elfu thelathini na sahani mbili za chipsi. Nilinuna mpaka Mafiati. Wenzangu kwenye bajaji walikuwa wanahesabu kilo.

Lakini nikuambie nilichokisikia kabla umeme haujakatika, na ndicho ninachokuandikia. Chini hakuna kitu. Besi anaipiga dogo kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda, na dogo ana akili, ila mkono wake wa kushoto unasikika kama mtu anayetembea juu ya godoro. Sikiliza Mwamulenga anavyofanya: solo inaruka wazimu, dramu inakimbia, yeye yuko pale pale ameshika kamba asiende mtu kupotea. Wewe ulikuwa hivyo. Sikukuambia ulipokuwa hapa kwa sababu tulikuwa tunagombania sauti ya amplifaya.

Agosti, Jumapili mbili za mwisho, gereji imefungwa na grainda imelala. Tunarekodi nyimbo sita kwa maiki nne za kuazima na kompyuta ya dogo, wote kwa pamoja, chumba kimoja, makosa yakiingia yaingie. Msimu wa parachichi najua haukusubiri, lakini Njombe na hapa ni basi la asubuhi, jioni uko mezani kwa mama.

Besi lako liko ukutani kwangu, nimelifunika khanga. Nyuzi tatu ni nzima. Ule mnene umekatika, dogo aliujaribu akaukaza kupita kiasi, na madukani hapa wananiuzia seti nzima tu. Ukija, pita popote ulipo ununue uzi huo mmoja. Usiutume kwa dereva wa basi.

Ndaga fijo.

Wako,
Solo