Tusiwaambie wamama wasubiri dalili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniumiza kuhusu kansa ya shingo ya kizazi. Kila nikisikia tangazo la huu ugonjwa naona linaanza na dalili, ukiona damu baada ya tendo la ndoa, ukiona damu wakati ulishakoma hedhi, uchafu wenye harufu, maumivu ya nyonga, wahi hospitali. Ni kweli, mwenye hizo dalili awahi. Ila mama wa kijijini akisikia hivyo anajiangalia, anaona hana hata moja, anabeba jembe lake anaenda shamba. Na hapo ndo tunampoteza, maana mara nyingi dalili zinakuja ugonjwa ushakomaa.

Huu ugonjwa hauji ghafla. Karibu wote unaletwa na kirusi cha HPV, kinaambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi wanakipata bila kujua halafu mwili unakiondoa wenyewe. Kwa wachache kinang'ang'ania na kuharibu seli taratibu, miaka 15 mpaka 20 hivi, ila mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 mpaka 10 tu. Hebu fikiria, miaka yote hiyo mtu analima, anapika, analea, na kitu kingeweza kuonekana mapema akatibiwa kabla hakijawa kansa!

Na kupima kwenyewe wala siyo mambo ya kutisha. Nesi aliyefundishwa anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, ndiyo, siki iliyopunguzwa makali, anasubiri kama dakika moja, penye shida panageuka peupe. Mara nyingi panagandishwa au kuunguzwa siku hiyohiyo na mama anarudi kwake. Siku hizi kipo pia kipimo cha HPV ambacho mama anajichukulia sampuli mwenyewe faragha, na kwa wale wanaoona aibu kukaguliwa, ambao ni wengi na hawana kosa, hiki ni msaada mkubwa sana.

Sasa kwa nini kipimo kisimfuate mama? Siku ya kliniki ya watoto wamama wameshafika, wameshatembea huo mwendo, wapimwe hapohapo na majibu wapewe hapohapo. Ukimwambia arudi wiki ijayo kuchukua majibu, halafu tena aende hospitali kubwa mjini, nauli hana, mtoto hana wa kumwachia, harudi.

Wababa nao waelezwe. Hiki kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo majibu ya leo siyo ushahidi kwamba mke katoka nje, na nyumba nyingi zinaogopa kipimo kwa sababu ya hilo tu. Mabinti wa miaka 9 mpaka 14 wapelekwe chanjo, na wanaosema chanjo inaleta ugumba wanawadanganya wazazi.

Shirika la Afya Duniani linataka kila nchi ifikishe asilimia 70 ya wanawake waliopimwa kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45, mwisho ni 2030, siyo mbali.

Kwa hiyo Mhariri, mkiandika tena habari hii naomba mstari wa kwanza uwe umri, siyo dalili. Mama una miaka 30, nenda kapime hata kama huumwi chochote, na mwenye VVU aanze na 25.

Msomaji wenu