Barua kwa mwanangu: kwa nini tulirudi kabla ya kilele

Mwanangu mpendwa,

Juzi niliporudi kutoka mlimani ulinipokea mlangoni kwa swali moja, hata buti sijavua: "Mama, mlifika juu?" Nikasema hapana. Ukasema "pole", ukarudi chumbani kwako. Pole ile imenikaa moyoni, kwa sababu niliona umedhani siku yangu imeharibika. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa mdomo tungekatizwa kabla sijafika ninapotaka kufika.

Tulikuwa wanne, watu wale wale unaowajua, tukipanda mlima wa theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea. Tuliondoka kungali giza, na kabla ya hatua ya kwanza mmoja wetu alitangulia, akasimama, nasi tukapita mbele yake mmoja baada ya mwingine huku kifaa chake cha kumtafuta aliyefukiwa na poromoko la theluji kikisikiliza mawimbi ya vifaa vyetu. Vifaa hivi vyote duniani, vya kampuni yoyote, hutumia kilohezi 457, ili mtu aliyefukiwa aweze kupatikana na yeyote aliye karibu. Ni kazi ya dakika moja. Hatujawahi kuiruka, hata asubuhi zile vidole vinapokufa ganzi.

Kisha tukaanza kupanda. Alfajiri hiyo hakuna anayeongea. Unasikia pumzi yako na ngozi zikikwaruza theluji. Uliwahi kuzishika ngozi zangu ukauliza ni za mnyama gani. Zamani zilikuwa za sili kweli, siku hizi hufumwa kwa nailoni au kwa manyoya ya mbuzi. Upande mmoja una gundi, unabandikwa chini ya skii. Upande wa pili una manyoya mafupi yaliyolalia nyuma: ukisukuma skii mbele yanateleza, skii ikitaka kurudi yanasimama na kuing'ata theluji. Ncha ya buti imefungwa, kisigino kiko huru, nawe unaburuta miguu bila kuinyanyua. Ukishaupata mwendo huo, unaweza kupanda saa nyingi na bado ukawa na nguvu ya kutazama jua linavyoupaka mlima rangi. Natamani sana uione saa hiyo.

Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji siku hiyo ilisema kiwango cha 3 kati ya 5. Wengi huisoma 3 kama wastani, kitu cha katikati. Mimi naomba usiisome hivyo kamwe. Hatari haipandi kwa ngazi zilizo sawa. Kutoka 2 kwenda 3 ni mruko mkubwa, na watu wengi hufia kwenye hiyo 3, kwa sababu inawaacha waamini kuwa bado inawezekana. Taarifa ilitaja pia tabaka dhaifu kwenye miteremko isiyopata jua. Nasi tulikuwa tunaelekea mteremko wa namna hiyo hiyo. Tulikubaliana kwenda kuutazama kwanza.

Tulipotoka msituni, mahali karibu tambarare, theluji iliguna. Sina neno jingine. Ni sauti nzito, ya chini, kama kitu kikubwa kimeshusha pumzi chini ya miguu yako, na theluji yote inayokuzunguka inashuka kidogo, labda upana wa kidole. Ufa mwembamba ukakimbia kutoka kwenye ncha ya skii yangu kwenda mbele. Maana yake tabaka la chini limevunjika na kuangusha lililo juu yake. Pale tambarare haliendi popote. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, lingeondoka na sisi.

Tukachimba ili kuipima theluji. Unakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 30, unalaza sepetu juu ya pembe moja, unaigonga: mara 10 kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Pigo la 13, ufa ulipita nguzo nzima kwa mara moja na bamba la juu likateleza likaniangukia mapajani. Nilichota zile punje zilizokuwa chini yake nikaziweka kwenye glavu. Zilikuwa kama sukari, kila moja na kona zake zinazometa, na hazikushikana hata nilipozikamua. Huzaliwa theluji inapokuwa nyembamba na usiku ni baridi kali: chini ardhi ina joto kidogo, juu kumeganda, na mvuke unaopanda katikati unazijenga upya punje zikose mshikamano. Zinaweza kukaa pale chini wiki nyingi, zimefunikwa na theluji nzuri.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonikalisha kuandika. Baada ya kuona yote hayo, tulinyamaza. Kilele kilikuwa kinaonekana, pengine saa moja zaidi. Anga jeupe kabisa. Kulikuwa na njia za skii za watu waliopita pale siku iliyotangulia, na macho yangu yalizing'ang'ania: hao mbona walipita salama? Mimi nilishajua jibu, mwanangu. Nililijua tangu theluji ilipoguna. Lakini sikulisema, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipanga safari, na nilikitaka kile kilele kuliko wote.

Aliyesema ni mdogo kuliko sisi wote, aliyeanza juzijuzi tu kufuatana nasi. Alisema, "Mimi hapa sitaki kupita." Basi. Hakutoa sababu, na hakuna aliyemdai sababu. Tuna sharti la miaka mingi kwamba sauti moja inatosha, hata ikiwa ya mgeni kuliko wote. Tulianza kubandua ngozi hapo hapo. Nilimshika bega nikamwambia asante, na sauti yangu ilitetemeka.

Unajua kwenye begi langu kuna sepetu na ufito mrefu wa kutafutia. Ukifukiwa, wenzako wakikutoa ndani ya dakika 10, uwezekano wa kuishi ni mkubwa, karibu 9 kati ya 10. Zikipita, uwezekano huo unashuka haraka sana. Na mara nyingi kinacholiangusha poromoko ni uzito wa yule yule aliyefukiwa, au wa mwenzake. Kwa hiyo vile vifaa navibeba nikiomba visitumike, na kile kinywa cha mdogo wetu nakithamini kuliko vyote.

Tuliteremka kupitia msituni, kwenye mteremko mpole usio na mkali juu yake. Theluji ilikuwa laini hadi magotini. Kisigino ukishakifunga tena na kuachia uzito wako, miguu iliyokuwa mizito asubuhi nzima inakuwa haina uzito kabisa. Tulipiga kelele kama watoto. Kwa hiyo usinipe pole.

Umeniomba uje nasi msimu ujao, na baba yako na mimi tumekubali. Jumamosi nitafukia kifaa changu kwenye theluji, ndani ya mfuko, wewe ukiwa umenipa mgongo. Utakitafuta na chako, halafu utachimba. Simu yako uiache ndani, maana inavuruga mawimbi. Tutarudia hadi giza liingie. Na siku tukiwa mlimani, nikikuuliza kama tupite, nataka kusikia unachokiona wewe, hata kama uso wangu unakuonyesha wazi kwamba natamani kupita.

Mama yako