Salamu za shukrani: kwa waliobaki baada ya matanga kuanuliwa

Assalaam aleikum.

Familia ya marehemu mzee wetu, Ngamiani, Tanga, inatoa shukrani za dhati kwa wote waliotufaa kwa hali na mali: majirani, jamaa waliotoka Pangani, Muheza na Mombasa, chama cha kuzikana kilichobeba gharama za sanda na gari, vijana waliochimba kaburi, masheikh waliosoma hitma, na kina mama waliokesha jikoni. Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Shukrani za peke yake tunazipeleka kwa kina mama ambao wengi hawakuwaona: wale walioanza kuja baada ya matanga kuanuliwa, wakaketi na mama yetu kila wiki katika eda yake. Umati humsitiri maiti, lakini huzuni huanza kuuma sawasawa viti vya kukodi vikisharudishwa. Eda ni miezi 4 na siku 10, na nyumba hunyamaza mapema mno kabla haijaisha. Wengi wametuuliza kikao kile kilikwendaje, na kwa kuwa wamo kati yetu wanaofanya kazi ya ushauri nasaha, tunaeleza.

Watu 5 hadi 8 wanatosha. Wakizidi 10, wawili husema na wengine huwa kama wamekuja kusikiliza mawaidha. Wawe wamefiwa kwa namna inayofanana, wajane kwa wajane, wazazi kwa wazazi. Asiingie mwenye mvutano wa mirathi na familia, wala anayemdai marehemu. Wanaume wakae kwao, maana mbele ya mashemeji mjane hatasema lenye uzito. Kiongozi asiwe msemaji hodari kuliko wote. Awe yule anayeweza kumkatiza mwenzake bila kumvunjia heshima.

Utaratibu huu una mizizi. Huko Masaka na Rakai, nchini Uganda, vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao, vilikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio madaktari. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha sonona ilipungua sana kuliko katika vijiji visivyopata vikundi. Moshi na Bungoma nako watoto waliofiwa na wazazi wamekutanishwa katika vikundi vya namna hiyo, chini ya washauri wa kawaida waliofundishwa.

Kwa hapa kwetu dakika 90 zinakaa vizuri kati ya saa kumi na nusu, watu wakisha kuswali alasiri, na saa kumi na mbili, kabla ya maghrib. Mwisho uheshimiwe, kwani mfiwa akijua kikao kina mwisho huthubutu kufungua jambo zito. Huanza kwa Fatiha, kisha kila mmoja aeleze wiki yake: usingizi, chakula, saa gani ya siku ilimlemea. Baada ya hapo lishikwe jambo la mtu mmoja tu, na kabla ya kuagana achague kazi ndogo ya wiki. Kwa mjane inaweza kuwa kufungua kabati la marehemu na kutoa kanzu moja. Moja, si kabati zima.

Siku ya kwanza mtu asilazimishwe kusimulia kifo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumkalisha mtu mara moja na kumtaka aeleze janga lote punde baada ya kutokea, wala kumpa mfiwa asiye na ugonjwa wa akili vidonge kama dayazepamu eti apate usingizi. (Majirani wenye vidonge vya akiba, tumewasikia.) Maneno ya "jikaze" na "mbona fulani alifiwa na watatu" yakiingia, kiongozi aseme tu: "Tumsikilize kwanza."

Linaloua vikundi mapema ni chakula. Kahawa na kashata vinatosha. Siku mtu akipika pilau, wa wiki inayofuata ataona haya kuleta kidogo, na kikao kinageuka shughuli ambayo mfiwa mwenyewe anaigharamia. Pesa vilevile: kisichanganywe na kikoba, kwa sababu mwenye deni la hisa hukaa kwao kwa aibu, na pengine ndiye aliyekihitaji zaidi. Halafu siri. Ngamiani barabara zetu zina namba, na neno likitoka ya 8 hufika ya 18 kabla ya isha. Anayevujisha aondolewe mara ya kwanza, bila vikao vya suluhu.

Anayekosa mara mbili mfululizo aendewe na mtu mmoja, si kundi zima, asije akadhani anashtakiwa. Huzuni nzito inayomzuia mtu kuendesha maisha yake kwa zaidi ya miezi 6, kupita desturi ya watu wake, inahitaji mtaalamu. Anayesema anataka kumfuata marehemu asingoje kikao: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na watu wawili, na asiachwe peke yake usiku.

Mwisho, masufuria mawili makubwa na birika moja la kahawa yamebaki kwetu bila mwenyewe kujitokeza. Tafadhali mfike mchukue, ila mkikuta kina mama wameketi, subirini hadi maghrib.

Wenu, wanafamilia, Ngamiani, Tanga.