Mjomba, usituachie kesi ya Bobby Fischer

Shikamoo Mjomba,

Najua utakasirika kuikuta barua hii mahali anapoisoma kila mtu. Jina lako sijalitaja, na wanaokujua walishayajua haya kabla yangu. Nimeandika hapa kwa sababu ukiwa nyumbani, mtu akianza tu kusema habari ya wosia unamkata: "Unanichuria?" Kisha unapanga kete upya na kuuliza nani anataka kufungwa.

Basi tuzungumze habari za mtu unayemheshimu. Wewe ndiye uliyenifundisha chesi, na wewe ndiye uliyenihadithia jinsi Mmarekani Bobby Fischer alivyomvua Boris Spassky ubingwa wa dunia mjini Reykjavik, Iceland, mwaka 1972. Hadithi yako huishia hapo. Mimi nimesoma iliyobaki.

Mwaka 1992 alicheza tena na Spassky huko Yugoslavia, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, akaondoka na zaidi ya dola milioni 3 pamoja na hati ya kukamatwa ya serikali ya Marekani. Julai 2004 alinaswa uwanja wa ndege wa Narita, Japani, akawekwa kizuizini hadi Iceland ilipompa uraia mwezi Machi 2005. Akafia Reykjavik tarehe 17 Januari 2008, figo zimekwisha, na matibabu aliyakataa. Siku nne baadaye watu wachache walimzika Laugardælir, kwenye kanisa dogo karibu na mji wa Selfoss. Wosia hakuacha. Mali ilikadiriwa kufika dola milioni 2.

Wakajitokeza wadai wa pande nne. Miyoko Watai, rais wa chama cha chesi cha Japani, alisema ni mke wake wa ndoa. Wapwa wawili kutoka Marekani walisema ndoa hiyo haina uthibitisho. Mama mmoja wa Ufilipino alisema binti yake mdogo ni damu ya Fischer. Serikali ya Marekani nayo ikadai kodi yake, kwani hiyo haikosi msibani.

Yule mama wa Ufilipino simcheki. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ubatizo, picha, na risiti ya benki ya fedha ambazo Fischer alimtumia mtoto mwezi Desemba 2007, wiki chache tu kabla ya kufa. Wewe ungekuwa hakimu ungesemaje? Mahakama ya Juu ya Iceland ilisema kaburi lifukuliwe. Tarehe 5 Julai 2010, mbele ya daktari, kasisi na maofisa wengine, marehemu alifukuliwa, wakachukua sampuli ya vinasaba, wakamfukia tena. Mwezi Agosti majibu yakatoka: mtoto si wake. Dunia nzima ikatangaziwa, na mtoto mwenyewe akiwa angali msichana mdogo. Kwa nini alimtumia zile fedha? Aliyekuwa na jibu ndiye huyo waliyekwenda kumfukua.

Na Fischer alilijua vizuri jambo hili la baba asiyeeleweka. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la Hans-Gerhardt Fischer, lakini majalada ya FBI, wapelelezi wa Marekani, yalionyesha kuwa huenda baba ni Paul Nemenyi, mwanasayansi kutoka Hungaria, ambaye ndiye aliyekuwa akimpa mama yake hela za matunzo.

Sasa wale wapwa. Ni watoto wa dada yake, Joan. Joan ndiye aliyenunua seti ya chesi ya kwanza dukani, mwaka 1949, Bobby akiwa na miaka 6, wakajifunza pamoja kwa kusoma maelekezo yaliyokuja nayo. Bila dada huyo pengine hakuna bingwa. Lakini tarehe 3 Machi 2011 mahakama ya Reykjavik iliamua kwamba Fischer na Watai walifunga ndoa kweli tarehe 6 Septemba 2004, bwana harusi akiwa kizuizini, na kwamba mrithi ni mjane. Wapwa wakaamriwa kumlipa gharama za kesi, krona za Iceland milioni 6.6. Miaka mitatu ya mahakama, kwa jambo ambalo karatasi moja yenye sahihi yake ingelimaliza.

Na huyu ni mtu aliyeandika kila hatua ya kila mechi ya mashindano! Ile ya 1956 dhidi ya Donald Byrne, alipotoa malkia wake akiwa na miaka 13, mimi na wewe tumeirudia mara ngapi kwenye ubao wako, kete kwa kete?

Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako. Ukifumba macho leo, ukoo utanisukuma mbele nikapinge mirathi, maana nimesoma na najua kuongea na mawakili. Nitatakiwa nimwambie mama aliyekupikia na kukuuguza miaka yote hii kwamba hamkufunga ndoa. Atakwenda mahakamani na Sheria ya Ndoa ya 1971, inayowadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja hivyo miaka miwili na zaidi, na natamani ashinde. Na yule kijana wa Morogoro? Unamtumia hela kila mwezi kwa simu. Muamala ule hautaji kama ni mwanao au ni mtoto wa rafiki uliyemhurumia. Tutaishia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa vinasaba, mmoja wetu akinyoosha mkono atolewe damu.

RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanaandika wosia na kuuhifadhi, na hakuna atakayeusoma ukiwa hai. Mchungaji naye ameniambia yuko tayari kuwafungisha ndoa siku yoyote, bila sherehe kama hutaki watu. Jumamosi nakuja na gari. Tutaanzia na cheti cha kuzaliwa cha kijana: nitafutie nakala, nataka kuona kwenye nafasi ya baba pameandikwa nini.

Mpwa wako

Tena ubao uandae, safari hii nyeupe ni zangu.